Kisu Kilichowekwa Benchini

Shuleni, karibu na Lugulu
Bungoma
Jumapili, 7 Juni 2026

Kwako Deepika,

Leo nimeamua kukueleza yote, hata yale ambayo sijaulizwa na mtu. Madam Nangila ameniruhusu nibaki darasani baada ya ibada ili niandike. Mzee Hiram, anayetuletea mkate kutoka Kitale kila Jumanne na Ijumaa, amekubali kuiacha barua hii dukani kwenu. Simu haturuhusiwi, na siwezi kungoja hadi likizo.

Kwanza, mkono wako unaendeleaje? Hapa hakuna anayejua. Tuliona gari la shule likikupeleka hospitali ya misheni, na kesho yake tukaambiwa baba yako amekuja kukuchukua, mmerudi Kitale. Tangu hapo ni kimya. Kila mtu ana habari yake. Kuna wanaosema umepoteza vidole viwili, wengine wanasema umepelekwa India. Mimi siwaulizi kitu.

Kisu ni changu, na nimesema hivyo. Nilimwambia Madam Nangila jioni ileile, na Jumatatu nikamwambia mwalimu mkuu. Nilieleza kwamba ni kisu cha kukunja cha kupandikizia miche, kwamba nilipewa na baba kwa sababu kwetu Matisi, hapo Kitale, tunauza miche ya parachichi, na kwamba Madam aliniruhusu kukitumia kwenye kitalu cha shule tu. Hakuniruhusu kumwazima mtu. Sikutaka mtu yeyote adhani ulikichukua bila ruhusa.

Sasa nieleze siku ile kama nilivyoiona, halafu wewe unisahihishe.

Nafikiri ilianzia jikoni, wiki ya zamu yetu. Ulishika kisu kama kalamu, na Nekesa akakuuliza, "Deepika bana, unakata kabichi ama unaiandikia barua?" Tulicheka sote, hata mimi. Wewe pia ulicheka, ndiyo maana sikulifikiria tena. Halafu Madam akatangaza kwamba Jumatatu kila msichana wa Kilimo angekata kitawi cha parachichi mbele ya darasa, mmoja mmoja, na kukipachika kwenye mche. Jioni ile chakula chako ulimpa mwenzako.

Jumapili mchana ulinifuata kwenye kitalu ukaniomba kisu ili ujizoeze. Nekesa alikuwa pale akimwagilia maji. Nilikiweka juu ya benchi. Nikakuuliza kama unajua kukitumia, nawe ukasema, "Si ni kisu tu?" Ukakichukua, ukawa unatafuta pa kukifungulia upande wa mgongo. Niliona hilo, Deepika. Niliona kwamba hujui, na nikanyamaza, kwa kuwa niliogopa Nekesa ataanza tena. Nilidhani nakusitiri.

Kisu kile hakina kitu cha kukizuia kikishafunguka. Ukikivuta, kinakata vizuri. Ukikisukuma kwa ncha, kinarudi na kujikunja juu ya vidole vya mkono uliokishika. Mimi nimelijua hilo tangu nikiwa mdogo. Nililijua kama ninavyoijua njia ya kwenda kwetu, nikasahau kwamba hata njia huelekezwa mgeni.

Uliondoka nacho nyuma ya tangi la maji. Halafu tukakusikia. Ni Nekesa aliyefika kwanza, akavua kitambaa chake cha kichwa akakufunga. Labda hukumbuki. Tangu siku hiyo hajafanya mzaha na mtu.

Baba aliitwa shuleni Ijumaa. Niliogopa sana, lakini hakunigombeza. Aliniuliza kama nilikuonyesha jinsi kisu kile kinavyojikunja. Nikasema hapana. Chai aliyopewa na Madam ikapoa mbele yake. Alipoondoka aliniambia atapitia kwenu. Sijui kama alifika. Kisu kimefungiwa kwenye kabati la Madam.

Sikuombi uniambie kwamba sina kosa. Nataka kujua jambo moja tu, nalo ni kama utarudi. Mzee Hiram anaweza kuniletea jibu.

Rafiki yako,
Wangechi Kabiru

*

Kitale
Jumatano, 10 Juni 2026

Kwa Wangechi,

Hujambo. Mimi ni Keval, kaka yake Deepika. Naandika kwa niaba yake kwa kuwa mkono wake wa kulia umefungwa plasta hadi karibu na kiwiko. Barua yako tuliipata jana. Nilimsomea kwa sauti sebuleni, kwa sababu Dadi, nyanya yetu, naye alitaka kusikia.

Vidole vyake vyote vipo. Kilichokatika ni ule uzi wa ndani unaokunja kidole cha shahada. Daktari ameushona, na anasema itachukua muda kabla ya kujua kama kidole kitafanya kazi tena. Kidole cha kati kilikatwa ngozi tu.

Mzee Kabiru, baba yako, alifika dukani Jumamosi. Baba yetu alikaa naye na waliongea vizuri. Hatuna kesi na mtu. Wewe ni mtoto na Deepika ni mtoto. Hata hivyo Dadi anauliza ni shule gani hiyo inayoacha wasichana wachezee visu. Utaelewa kwamba nyumbani kwetu Deepika hajawahi hata kumenya viazi. Kazi hiyo hufanywa na Nabwile, ambaye amekuwa nasi tangu kabla sijazaliwa.

Dadi hakutaka aende bweni tangu mwanzo. Kompyuta ya serikali ndiyo iliyomchagulia shule hiyo, na sisi tulikuwa tayari kumtafutia nyingine. Deepika mwenyewe ndiye aliyelia akitaka kwenda. Alisema amechoka kusoma na watoto wa wenye maduka, anataka kukaa na wasichana wa kila aina. Sasa tunaulizia nafasi katika shule ya kutwa hapa mjini. Nafikiri hatarudi.

Deepika anakushukuru kwa kuandika. Anakutakia masomo mema. Tafadhali usijisumbue kuandika tena mpaka apone.

Wako,
Keval

*

Shuleni, karibu na Lugulu
Jumapili, 14 Juni 2026

Kwako Deepika,

Kaka yako amenisihi nisiandike tena, na barua hii ni fupi kwa sababu hiyo. Naituma tu ili isindikize vitabu vyako, ambavyo Mzee Hiram atavileta. Nimevipangusa mavumbi na kuvifunga kwa gazeti. Kile cha Kemia kilikuwa kwa Nekesa. Amekirudisha, na ameniomba nikwambie pole. Alisema "mwambie pole sana", halafu akatoka nje.

Nimefurahi kwamba vidole vipo. Nililia, lakini kwa furaha.

Nilipofika mahali palipoandikwa kwamba unanitakia masomo mema, nilisimama kwanza. Ni maneno ambayo mtu huandikiwa na mgeni rasmi. Halafu nikafikiri kwamba ni haki yako kuniandikia kama mgeni. Ningekuwa wewe, labda nisingetuma hata hayo.

Basi nami nakutakia masomo mema katika shule mpya. Sitakusumbua tena.

Wangechi

*

Kitale
Jumatano, 17 Juni 2026

Wangechi,

Naandika kwa mkono wa kushoto. Usicheke. Keval yuko dukani na Dadi amelala mchana. Nabwile ameshika karatasi isiteleze. Hasomi ninachoandika, anatazama dirishani.

Mimi sikukutakia masomo mema. Hayo ni ya Keval. Nilimwambia aandike swali moja tu. Akasema halifai, ni la kuaibisha nyumba. Basi naliuliza mwenyewe.

Kwa nini hukunipa kisu mkononi?

Nilinyoosha mkono. Uliuona. Ulikiweka kwenye benchi, ukaurudisha mkono wako haraka, ukangoja nikiokote. Nekesa alikuwa anatazama.

Nikwambie kwa nini nauliza. Hapa kwetu Nabwile ana kikombe chake. Hakikai na vingine, kinakaa nje kwenye dirisha la jikoni. Dadi akimmiminia chai hampi mkononi. Anakiweka kwenye ngazi, anaingia ndani, ndipo Nabwile anakichukua. Nimeona hivyo tangu nizaliwe. Hakuna aliyenieleza maana yake na hakuna aliyehitaji kunieleza.

Kwa hivyo ulipokiweka pale nilijua. Au nilidhani najua. Nilijiambia, kumbe hata huku kuna mtu wa kuwekewa vitu chini, na mtu huyo ni mimi. Nilikuwa nimekuja kukuomba unifundishe. Kweli, nilikuwa nimejipanga maneno. Ukaniuliza kama najua kukitumia, na nikasema si ni kisu tu, kwa sababu sikutaka tena uone kwamba nina haja na wewe.

Nilienda nyuma ya tangi na hasira zangu. Nilikuwa nasukuma kile kijiti kama namsukuma mtu.

Mkono umechoka. Nimepumzika, naendelea.

Kidole bado hakikunji. Kila asubuhi daktari anataka nijaribu. Natazama kidole nakiambia kunja, nacho kinanitazama tu. Siku hizi Nabwile ndiye ananilisha wali, kwa kuwa mikono ya Dadi inatetemeka. Dadi anakaa hapo hapo anatuangalia. Hajamkataza.

Jambo jingine. Baba yako alipokuja, baba yangu alimpa chai kwa kikombe chake mwenyewe. Alimkabidhi mkononi. Dadi aliona kutoka mlangoni. Baba yako alikuwa ameshika kofia muda wote. Aliomba msamaha kwa sauti ya chini sana hata wateja hawakusikia.

Juzi usiku nilimwambia baba nataka kurudi. Alisema nikiwa na hakika ataongea na Dadi mwenyewe. Anataka neno langu kufikia Jumatatu, kwa sababu shule ya hapa mjini nayo inangoja.

Neno langu linangoja lako. Kama ulikiweka chini kwa ile sababu ya kikombe, niambie tu. Nitasoma hapa, na sitakuchukia. Lakini siwezi kulala kitanda cha karibu na mtu anayeuogopa mkono wangu. Tafadhali usinidanganye ili nirudi.

Deepika

*

Shuleni, karibu na Lugulu
Ijumaa, 19 Juni 2026

Deepika,

Mzee Hiram anapakua mkate. Amesema atakunywa chai yake polepole kwa ajili yangu, kwa hivyo ukiona mwandiko umekimbia, ni haraka.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama mlangoni mwa jikoni. Mara ya kwanza sikuelewa unauliza nini. Mara ya pili nilielewa.

Kwetu kisu hakipewi mtu mkononi. Cucu, mama yake baba, alitufundisha hivyo kabla hatujajua kufunga kamba za viatu. Anasema ukimpa mtu kisu mkononi, ugomvi unapita pamoja nacho. Kwa hivyo unakiweka mahali, unaondoa mkono wako, naye anakiokota mwenyewe, na hapo hakuna aliyempa mwenzake ubaya. Baba huniwekea mimi. Mimi humwekea mama. Hata cucu, ambaye haoni vizuri sasa, tunamwekea kisu juu ya meza, tunagonga meza ili asikie kiko wapi. Hufanyiwa mtu unayetaka muendelee kupatana. Kwa adui sijui ingekuwaje, sijawahi kuona mtu akimwazima adui yake kisu.

Wewe ulinyoosha mkono, nami nikaona mkono umenyooshwa, na sikushtuka, kwa sababu watoto wadogo kwetu hufanya vivyo hivyo kabla ya kukumbushwa. Nilifikiri utakumbuka. Haikunijia kabisa kwamba hakuna mtu aliyewahi kukwambia.

Ili usiseme nimelibuni, nimekwenda kwa Nekesa sasa hivi. Sikumtajia kikombe, hilo ni lako. Nilimwambia tu, tuseme mimi nina kisu na wewe unakitaka, niombe. Akaniomba, na mkono wake ukaenda mezani, haukuja kwangu. Nikamuuliza kwa nini. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini anapumua. "Si kisu unawekewa? Ukinipa kwa mkono si tutapigana?" Yeye ni wa Bungoma na mimi ni wa Kitale, lakini jambo ni lilelile. Madam Nangila naye alipotusikia akasema kwao ni hivyo. Basi siku ile sote pale kitaluni tulilijua jambo hili isipokuwa wewe peke yako, na hatukulisema kwa kuwa halijawahi kuhitaji kusemwa. Nekesa aliniuliza kwa nini nauliza maswali ya ajabu asubuhi. Nilipomwambia kwamba wewe hukujua, alikaa kando yangu mpaka kengele ikalia.

Umeniambia nisikudanganye. Kwa hivyo kabla ya kuandika nimejiuliza kama kulikuwa na kitu kingine moyoni mwangu. Nimekipata kimoja, ingawa si cha siku ile. Wiki ya kwanza bwenini nilikuogopa. Nilifikiri msichana kutoka duka kubwa kama lenu atatudharau. Nililihamishia sanduku langu upande wa pili wa kitanda ili nguo zangu zisiguse zako, kwa sababu zangu ni za mitumba. Niliamini kwamba ni wewe utakayetuwekea vitu chini. Halafu nikaugua malaria, na nilipoamka nikakuta umezifua soksi zangu, umezianika kwenye kitanda chako mwenyewe, na sabuni ilikuwa haijatoka vizuri kwa sababu hukuwa unajua kufua pia. Tangu hapo sijaufikiria mkono wako ila kama mkono wa rafiki yangu. Hiyo ndiyo kweli yote niliyo nayo.

Mila ya cucu ni ya kuzuia ugomvi. Sijui atasema nini nikimsimulia haya. Sidhani nitaiacha, maana ndiyo niliyokuzwa nayo. Lakini nimefikiri hivi: kisu kikishawekwa, yule aliyekiweka hajamaliza. Anatakiwa kukaa pale, amwonyeshe mwenzake mgongo ni upi na makali ni yapi, na kinajikunjaje. Baba alinifanyia hivyo kwa siku nyingi, mkono wake juu ya mkono wangu. Mimi niliiruka sehemu hiyo, kwanza kwa kumwogopa Nekesa, na sasa naona kwamba wewe nawe uliiruka kwa kuniogopa mimi.

Kuhusu kikombe cha Nabwile sijui niseme nini, na sidhani ni mimi wa kusema. Yeye ndiye aliyekushikia karatasi. Naomba umwambie nimeshukuru.

Kidole kisipokunja, utaandika kwa mkono wa kushoto. Barua yako niliisoma yote, na ni neno moja tu lililonisumbua kulisoma. Madam anasema kazi ya kupandikiza utaifanya utakapokuwa tayari. Mmoja anashika mche na mwingine anakata, na hata yeye hufanya hivyo nyumbani na mume wake.

Mzee Hiram ameweka kikombe chini, anafunga milango ya gari. Limebaki jambo moja.

Matroni anasema kitanda hakiwezi kukaa bure. Kuna msichana anayehamia kutoka upande wa Suam, anafika Jumatano, na kitanda kilicho karibu na changu ndicho pekee kisicho na mtu. Nilimwambia kina mwenyewe. Akaniuliza nani ameniambia, nikamwomba anipe muda. Atanifuata tena Jumanne baada ya mkate kuletwa.

Deepika, nimwambie kitanda ni cha nani?

Wangechi